Wadhamini wa kuombea kazi pale waajiri wa zamani wanapokataa kusema lolote

Mtunza Stoo wa Tabata

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Jumatatu.

Kazi yangu ni utunzaji wa stoo, na ninayo miaka kumi ndani yake. Nimeitwa usaili wa nafasi ya afisa ghala katika shirika moja la kimataifa la misaada, kituo cha kazi kikiwa Kasulu, na fomu niliyotumiwa inadai majina ya wadhamini watatu, wawili kati yao wawe ni watu walionisimamia kazini ndani ya miaka mitano iliyopita, pamoja na namba zao za simu na barua pepe za ofisini. Fomu inatakiwa irudi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, na hapo ndipo nilipokwama.

Mwajiri wangu wa kwanza, kuanzia 2014 hadi 2018, alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mzee yule alifariki, watoto wakagawana mali, na leo kwenye fremu ile zinauzwa simu. Wa pili, 2018 hadi 2021, ni kampuni ya kusambaza vinywaji ambayo makao makuu yake yako Ulaya. Nilipowaandikia, afisa rasilimali watu alinijibu kwa mistari miwili kwamba utaratibu wao ni kuthibitisha tarehe na cheo tu, na kwamba hakuna meneja anayeruhusiwa kuzungumza kwa niaba ya kampuni. Nimekaa pale miaka mitatu, na hesabu ya mwisho wa mwaka haikupishana hata kreti moja ambayo sikuweza kuitolea maelezo, halafu najibiwa kama mtu aliyepita njia tu.

Wa tatu, 2021 hadi 2024, ni kampuni ya usafirishaji inayoendeshwa na mwenye mali mwenyewe. Mishahara ilikwama miezi minne, wafanyakazi sita tukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tukapatana katika hatua ya usuluhishi, na tukalipwa kwa mafungu. Nilipompigia juzi kwa adabu zote, alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nenda kwenye hiyo Tume yako ikuandikie barua." Akakata simu.

Nikamkumbuka aliyekuwa msimamizi wangu kwenye ghala la vinywaji, ambaye naye alishahama na sasa yuko Mwanza. Nikamtumia ujumbe: "Shikamoo bosi, naomba uwe mdhamini wangu." Baada ya saa mbili akajibu: "Marahaba. Mkopo wa shilingi ngapi, na ni benki gani? Mimi mwenyewe nina deni." Nilipopiga simu ili nimweleze, hakupokea.

Dada yangu ananishauri niandike namba ya shemeji na kumwita meneja wa zamani, lakini moyo unakataa. Naomba kujua mtu wa aina yangu anatoa wapi wadhamini wa maana, na kama sheria inanipa haki yoyote kwa hawa waajiri wawili ambao bado wapo.

Mzee wa Utumishi

Pole, binti yangu, na hongera kwa kuitwa. Nimestaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika idara za utumishi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kazi ya kuwapigia simu wadhamini ilikuwa yangu, kwa hiyo nitakueleza jinsi mambo yanavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Nianze na ujumbe uliomtumia bosi wako wa Mwanza, maana kosa lake ndilo jepesi kuliko yote kurekebisha. Neno mdhamini kwetu limebebeshwa mizigo mingi. Yuko mdhamini wa mahakamani, yuko wa benki au saccos, na yuko huyu anayetajwa kwenye matangazo ya kazi, yakiwemo yale ya Sekretarieti ya Ajira yanayotaka majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Huyu wa mwisho hamwekei mtu dhamana ya senti moja; ni shahidi tu wa kazi yako. Kwa watunza stoo na washika fedha mambo huchanganyika zaidi, kwa sababu waajiri wengi nchini huwataka pia wadhamini wa kweli, wale wa kujaza fomu, kubandika picha na kuleta barua ya serikali ya mtaa, ambao mali ikipotea ndio watakaotafutwa. Bosi wako ni mtu wa maghala. Ameliona neno hilo na akili yake imekwenda moja kwa moja kwenye hasara. Mwandikie upya, na neno hilo usiliweke kabisa: mwambie kwamba umeomba kazi, kwamba shirika fulani litampigia simu ya dakika kumi kumuuliza ulivyofanya kazi chini yake, na kwamba hatasaini karatasi yoyote wala kuwajibika kwa fedha.

Jambo la pili, ambalo waombaji wengi huwa hawalitenganishi, ni kwamba mwajiri mpya anatafuta vitu viwili, wala si lazima vitoke kwa mtu mmoja. Anataka uthibitisho kwamba kweli ulifanya kazi mahali hapo, kwa cheo hicho, kwa muda huo. Huo hutoka ofisini. Halafu anataka mtu aliyekuona ukifanya kazi, naye anaweza kuwa popote duniani ilimradi alikuwepo. Ile kampuni ya vinywaji haikukudharau. Kampuni nyingi zenye mizizi Ulaya hujibu vivyo hivyo hata kwa meneja wao bora, kwa kuogopa mashitaka. Mwaka 1994 Baraza la Malordi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama yao ya juu, liliamua, katika shauri la Spring dhidi ya Guardian Assurance, kwamba mwajiri akiandika kwa uzembe barua ya kueleza sifa za mfanyakazi wake wa zamani, anaweza kudaiwa fidia kwa madhara yatakayompata mfanyakazi huyo. Tangu hapo wanasheria wa makampuni huona usalama katika kusema machache. Chukua hiyo mistari miwili yao kwa shukrani, andika barua pepe ya idara yao ya rasilimali watu kwenye fomu kama mahali pa kuthibitisha tarehe na cheo, kisha mtaje bosi wako wa Mwanza kama msimamizi wa wakati huo, ukieleza wazi kwamba ameshaondoka na anazungumza kwa jina lake mwenyewe. Barua pepe ya ofisi yake ya sasa inatosha kabisa. Asithubutu tu kutumia karatasi yenye nembo ya kampuni aliyoiacha.

Usistaajabu pia shirika likisisitiza kuwasiliana na idara za waajiri wako hata baada ya kuwapata wadhamini. Mashirika mengi ya misaada yamo katika mpango ulioanza mwaka 2019 wa kuulizana, kuhusu mtu aliyefanya kazi ndani ya miaka mitano iliyopita, kama aliwahi kupatikana na hatia ya kinidhamu ya unyanyasaji wa kingono. Swali hilo hujibiwa na ofisi, na halihusiani kabisa na kreti wala leja.

Kuhusu sheria, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyotungwa mwaka 2004, kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Hiyo ni haki yako kwa wote wawili, awe anakupenda au hakupendi. Kukusifu, hilo halazimiki. Kwa huyu wa usafirishaji, usimpigie tena. Andika barua fupi ya kudai cheti, taja kifungu, ipeleke kwa mkono na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wenye mali wa aina hiyo huogopa karatasi kuliko sauti. Akikaa kimya, mgogoro wa aina hii hupelekwa Tume ndani ya siku 60, na kwa kuwa wewe umeondoka tangu 2024 itakubidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi. Lakini kabla ya hayo yote, itafute ile hati ya makubaliano mliyosaini kwenye usuluhishi uisome mstari kwa mstari. Wakati mwingine cheti kimo humo ndani na watu wamekisahau kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye kiasi cha fedha.

Fundi wa Kimara

Mzee ameongea vizuri, ila tukubali hali halisi. Dada ana siku chache, na shirika liko mbali huko Kigoma. Aandike shemeji, amfundishe maneno matatu ya kusema, aendelee na maisha yake. Ninawafahamu watu wanne waliopata kazi hivyo na hakuna aliyeuliza chochote.

Mkaguzi wa Kurasini

Ndugu Fundi, naomba nitofautiane nawe, kwa sababu nimewahi kuwa mtu wa kupiga hizo simu kwa niaba ya mteja wetu. Kijana mmoja alituandikia jina la "meneja wa ghala". Nikampigia meneja huyo, akamsifu kijana kwa dakika tatu bila kupumua: mwaminifu, mchapakazi, mcha Mungu. Nikamuuliza swali moja tu, la kawaida kabisa baina ya watu wa maghala: ghala lenu lina milango mingapi ya kupakilia? Kukawa kimya, kisha nikasikia, "Subiri kidogo nimuulize." Hakuhitaji kusema la ziada. Jambo lililoniuma ni kwamba kijana yule, tulivyokuja kujua baadaye, kweli alikuwa amefanya kazi pale, na alikuwa na cheti cha utumishi ambacho hakukileta kwa sababu kilikuwa hakina sifa yoyote ndani yake. Na wewe ukifikia hatua ya kuchonga muhuri ili barua ya shemeji ipendeze, hapo umeshatoka kwenye uongo na kuingia kwenye kugushi, ambalo ni kosa la jinai.

Dada wa Tabata, nina wazo moja ambalo sijaona likitajwa. Kama kampuni ya vinywaji ilikuwa na makao makuu Ulaya, bila shaka kila mwisho wa mwaka walikuja wakaguzi wa hesabu wasio waajiriwa wa kampuni kushuhudia kuhesabiwa kwa mali. Mimi nimezifanya hesabu hizo miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba mkaguzi hamsahau mtunza stoo mzuri. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi ukakuta paleti zimepangwa, kadi ziko kwenye rafu, mali mbovu imetengwa upande wake na imeandikwa, unamwombea mtu huyo heri kimoyomoyo, maana unajua kwamba leo utarudi nyumbani mapema. Mtafute aliyeongoza hesabu yenu ya 2019 au 2020. Hawezi kusema mambo ya ndani ya mteja wake, na usimwombe hilo, na huenda akahitaji ruhusa ya ofisi yake kwanza. Lakini kusema kwamba alikukuta ukiwa na mpangilio, na kwamba ulijibu maswali yake kwa leja badala ya kwa maneno, hilo linaweza kusemwa. Yeye hajazi nafasi ya msimamizi, ila kwa ile nafasi ya tatu ni bora mara kumi kuliko mchungaji au mwenyekiti wa mtaa, ambao wanajua tu kwamba huna ugomvi na majirani.

Wasambazaji waliokuwa wakikuletea mzigo nawashauri uwaache. Wengine watakusifu kwa moyo mweupe, lakini anayesoma fomu atajiuliza kwa nini msambazaji anampenda sana mtunza stoo.

Mja wa Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya sheria imelisema jambo hili waziwazi zaidi, na pengine itamsaidia dada kuona mpaka uko wapi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi kwa kila aliyefanya kazi majuma manne mfululizo au zaidi, na kinataja yatakayoandikwa: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Anayekataa kwa makusudi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa ushuhuda wa tabia wala utendaji. Kwa hiyo nasi tuna vyeti vikavu kama mbao, na tumezoea kuvipeleka hivyo hivyo.

Kuhusu lile duka la vipuri lililofungwa, mimi nilikuwa na msiba kama huo: kampuni ya makontena niliyoifanyia kazi ilikufa na ofisi ikageuzwa gereji. Iliyoniokoa ni taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii, yenye jina la mwajiri, na miezi yote imepangwa mmoja baada ya mwingine. Niliiambatisha pamoja na mkataba wa zamani, na hakuna aliyenisumbua tena kuhusu miaka ile. Dada aangalie kama yule mzee wa Gerezani alikuwa akimpelekea michango NSSF.

Mtunza Stoo wa Tabata

Shikamoo Mzee wa Utumishi, na nawashukuru nyote. Nimefanya mliyosema kwa mpangilio wangu mwenyewe, na nina swali moja lililobaki.

Marehemu mzee wa Gerezani, Mungu amrehemu, alikuwa akinipelekea michango kuanzia 2015. Mwaka wa kwanza haumo, lakini mitatu inayofuata imo yote. Hati ya makubaliano nayo nimeipata kwenye bahasha ya vyeti vya shule vya mwanangu. Mzee alisema kweli: kipengele cha nne kinasema mwajiri atatoa vyeti vya utumishi kwa walalamikaji wote ndani ya siku 14 tangu malipo ya mwisho. Nilikisaini mwenyewe na sikukumbuka hata kuwepo kwake. Nimeipeleka barua leo asubuhi, nikaambatisha nakala ya ukurasa huo. Mhasibu alipoisoma alicheka kidogo, akagonga muhuri, akaniambia nirudi Jumatano.

Swali langu ni hili. Hata cheti kikitoka, shirika linaweza kumpigia mwenyewe, naye atawaambia kwamba nilimpeleka Tume. Je, niliseme mimi kwanza, au ninyamaze nikiomba lisiulizwe?

Mzee wa Utumishi

Marahaba, mwanangu. Liseme wewe kwanza, na liwe fupi. Msailiwa akiulizwa kwa nini aliondoka, wengi huanza hadithi ya nusu saa, na kila sentensi inayoongezeka inamfanya msikilizaji aanze kumwonea huruma yule mwajiri. Sema kwamba mishahara ilikwama miezi minne, kwamba wewe na wenzako watano mlikwenda Tume, kwamba mlipatana katika usuluhishi na malipo yakafanyika, na kwamba unacho cheti cha utumishi. Kisha funga mdomo. Wakitaka zaidi watauliza. Kwenye fomu, mahali pa jina la msimamizi wa kampuni hiyo, tafuta mtu mwingine aliyekuwa juu yako kikazi, hata kama ni meneja wa usafirishaji au mkuu wa karakana aliyekuwa akisaini hati zako za kutolea vipuri. Mwenye mali anakuwa msimamizi wako pale tu ambapo hapakuwa na mtu katikati.

Na ukishawapata, usiwaachie wajikumbushe wenyewe. Watumie tangazo la kazi, tarehe zako, na kazi mbili au tatu mlizozifanya pamoja. Waambie pia jina la shirika na siku wanazoweza kupigiwa, kwa sababu watu siku hizi hawapokei namba wasiyoijua, na nimeshawahi kumwacha mwombaji mzuri kwa sababu wadhamini wake wote watatu walidhani mimi ni mtu wa kudai marejesho ya mkopo wa simu.

Mtunza Stoo wa Tabata

Nimekuelewa, mzee. Mkuu wa karakana yupo, na ndiye aliyekuwa akisaini hati zangu kila jioni kwa miaka miwili na nusu. Sasa ana gereji yake Buguruni. Nimekwenda kwake kwa miguu badala ya kupiga simu, naye amekubali kabla sijamaliza kueleza. Alichouliza ni kama watamhoji kwa Kiingereza. Mkaguzi wa 2019 nimempata pia kupitia kwa mhasibu wa zamani, ila ameniomba siku mbili amuulize bosi wake kwanza.

Na yule wa Mwanza nilimwandikia upya jana usiku bila lile neno. Amenipigia leo saa nne asubuhi, mwenyewe anacheka. Amekubali, ila naye ameniuliza swali ambalo limenirudisha kwenye leja zangu: ule usiku ambao bati lilivuja tukahamisha kreti zote za upande wa mashariki kwa mikono, kwa kuwa foklifti ilikuwa imeharibika, ilikuwa mvua za 2019 au za 2020? Anasema hiyo ndiyo habari atakayowasimulia, na hataki kuikosea tarehe.